Neno la Kinywa Kimoja

Hasikii si neno la kinywa kimoja.

Methali hii si ya kale sana, na baadhi ya waliokuwapo ilipozaliwa bado wanatembea. Vijana waliokuwa wakiosha tangawizi bombani kwa Bibi Naetwe waliisikia kwa jirani aliyekuwa akipita njiani, akimjibu mwenzao Terewaeli aliyekuwa akimlalamikia mdogo wake. Wakacheka. Walisema methali za watu zina simba na fisi, au angalau zina chungu na mafiga, lakini hii ina nini? Ina neno ambalo kila mzazi hulitamka kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Wakamuuliza bibi imetoka wapi.

"Chekeni, ila mikono iendelee," akasema Bibi Naetwe. "Tangawizi yenye udongo hakuna atakayeinunua. Methali hiyo ilianzia shuleni, na ilianza kwa kosa la watu wazima wenye nia njema."

Kisha akawasimulia.

Katika kijiji cha Kisarika, juu milimani huku Upare, palikuwa na shule ya msingi yenye madarasa ya mawe na walimu wachache. Darasa la nne lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Mrutu, binti aliyekuwa bado mgeni katika kazi, mwembamba wa umbo na mwingi wa subira, au hivyo ndivyo alivyojiona mwenyewe. Alifundisha Kiswahili. Katika darasa hilo alikuwamo msichana aitwaye Nakijwa, na Nakijwa ndiye aliyemwonyesha mwalimu huyu kwamba subira yake nayo ilikuwa na mwisho.

Nakijwa hakuwa mtoto wa matata. Hakupigana, hakuiba, hakuchelewa namba ya asubuhi. Ila wakiambiwa wafungue vitabu, yeye alikuwa wa mwisho kufungua, tena baada ya kuwachungulia wenzake. Aliulizwa habari za mto, akajibu habari za mtu. Aliitwa jina, akaitwa tena, akabaki anatazama mbele kana kwamba darasa zima ni lake peke yake. Kusoma alisoma kwa kudonoadonoa, na hesabu za kugawanya hakuzijua kabisa. Mwalimu Mrutu alivumilia muhula wa kwanza wote. Wa pili ulipoanza, siku moja aliingia ofisini, akaweka chaki mezani akasema, "Huyu Nakijwa hasikii."

Hakuna aliyeshtuka. Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili. Ukisema mtu hasikii, huenda unasema habari za sikio lake, na huenda unasema habari za ukaidi wake. Lakini neno likishaelekezwa kwa mtoto, nani anakumbuka sikio? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hawakuwa wakimtafutia tabibu wa masikio.

"Umechelewa kujua," akamwambia Mwalimu Kangero, wa hesabu, mtu mzima mwenye suruali iliyonyooka na fimbo iliyonyooka zaidi. "Mimi nimemjua tangu darasa la tatu."

Mwalimu Semboja, aliyefundisha Kiingereza na kwaya, alikuwa anakunywa chai. Akageuka. "Nakijwa yupi? Huyu wangu wa sauti ya pili? Mbona huyo wimbo anaudaka mara ya kwanza, wenzake wakiwa bado wanatafuta pa kuanzia?"

"Basi umemaliza kesi," akasema Kangero. "Nyimbo anasikia, hesabu hasikii. Huo si ujinga, ni jeuri."

Mwalimu Mrutu aliyatafakari maneno hayo na hakuona pa kuyapinga. Yalikuwa na mantiki. Yalimuuma, kwa sababu alimpenda yule mtoto na hakupenda kudharauliwa naye, lakini tangu siku hiyo aliyaamini.

Sasa, mambo haya yangekuwa ya kawaida tu kama si mtihani. Miaka hiyo darasa la nne lilikuwa na mtihani wake, na mwalimu mkuu, Mzee Mchome, alikuwa na desturi ya kuwarudisha darasa la pili wale alioona wataiaibisha shule. Kurudishwa hakukuwa mwisho wa dunia kwa mtoto mdogo. Kwa Nakijwa, aliyekuwa amekwisha kurefuka kuwashinda wenzake, kulikuwa mwisho wa shule. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba dogo la tangawizi, na kule Moshi alikuwako wifi yake, Shangazi Nanzia, aliyekuwa akitafuta msichana wa kumlelea watoto. Shangazi alikuwa amesema atapanda mlima shule zikifungwa. Kama mtoto bado yumo darasani, abaki. Kama shule imemkataa, akusanye nguo zake waende.

Nakijwa alilijua jambo hilo. Siku moja alimfuata Mwalimu Mrutu hadi mlangoni mwa ofisi akasimama.

"Una nini?" akauliza mwalimu.

"Mwalimu, mimi sitaki kwenda Moshi."

"Basi sikiliza darasani."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Nakijwa, na machozi yalikuwa yamemjaa.

Kuanzia hapo kila mtu akaanza kumsaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Mwalimu Mrutu alimbakiza baada ya masomo, akamsomesha ofisini. Kwenye benchi la humo palikuwa na nafasi ya mwalimu upande mmoja tu, kushotoni kwa mtoto, maana upande wa kulia palisimama kabati la chaki. Huko Nakijwa alijibu vizuri, mpaka mwalimu akashangaa. Kesho yake darasani akawa yule yule wa jana. Mrutu akasema, "Kumbe anaweza, ila hataki mbele ya watu." Akamtoa kwenye dawati lake la ukutani, akamweka katikati ya darasa ili amwone vizuri.

Kilipofika kipindi cha hesabu, Mwalimu Kangero akamkuta katikati. Yeye aliamini mtoto wa namna hiyo hupotezwa na wenzake, kwa hiyo akamrudisha ukutani, mbali na vishawishi. Alifanya hivyo kwa kumtakia mema, wala msimwonee. Fimbo nayo aliitumia kwa kumtakia mema.

Mwalimu Semboja akamwongezea siku za kwaya, apate angalau jambo moja la kumfurahisha. Mama Nakijwa aliposikia, akaona hizo nyimbo ndizo zinazomjaza mtoto kichwa hadi masomo yanakosa pa kukaa, akamkataza kwenda. Semboja akakasirika akasema wazazi wa siku hizi hawana shukrani. Hakumwambia mama huyo, alimwambia Kangero.

Hivyo mmoja alivuta huku, mwingine akavuta kule, na kila aliyevuta alikuwa na moyo safi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, ndivyo watu husema. Lakini hawa hawakuwa wengi. Walikuwa wanne tu ambao hawajawahi kukaa wote meza moja.

"Bibi," Terewaeli akadakia, "si wangempima masikio tu?"

"Wewe unaona rahisi kwa sababu neno nimekupa mimi, tena nimekufafanulia maana zake mbili. Wao walikuwa nalo mdomoni kila siku. Kilicho mdomoni hakionekani. Osha."

Wiki kadhaa kabla ya shule kufungwa, Mzee Mchome akaitisha kikao kimoja cha kumaliza jambo. Ilikuwa Ijumaa, watoto wamekwisha kutawanyika. Walikuwapo walimu hao watatu, na mama Nakijwa aliketi karibu na mlango, khanga begani, akiwa amekwisha jiandaa kuambiwa ampeleke mwanawe Moshi. Mtoto mwenyewe alikuwa nje akimngoja mama yake.

Kangero akafungua. "Mimi sina mengi. Mtoto huyu hasikii."

"Ni kweli darasani hasikii," akasema Mrutu, "ingawa ofisini..."

"Hata mimi nyumbani hanisikii, walimu wangu," akasema mama. "Namtuma chumvi, ananiletea sufuria. Nimesema mpaka nimechoka."

"Kwangu anasikia," akasema Semboja.

"Kwako ni nyimbo," akajibu Kangero, na ubishi ukaanza, maana milimani kwetu watu tunapenda kesi kuliko nyama.

Mzee Mchome akapiga meza kwa kiganja. "Neno hilo limetosha. Limesemwa na kila mtu na halijatusogeza hata unyayo. Kwenye vikao vya ukoo wetu, mtu akija akasema fulani ni mwizi, tunamnyamazisha. Tunamuuliza, uliona nini? Na hapa leo ni hivyo hivyo. Kila mmoja aseme alichokiona, basi. Atakayelitaja tena hilo neno, nitamwomba atoke nje."

Baadaye watu walimsifu Mzee Mchome kwa hekima hiyo, naye aliipokea sifa bila kusita. Ukweli ni kwamba alikuwa na msiba ng'ambo ya kijito na alichelea kukuta watu wamekwisha zika. Lakini amri iliyotoka kwa haraka nayo ni amri.

Ukimnyang'anya mtu neno alilozoea kuliegemea, huyumba kidogo.

"Mwalimu Kangero, wewe ndiye mkubwa. Uliona nini?"

"Niliona dharau."

"Dharau haionekani. Uliona nini kwa macho?"

Kangero akajikuna kidevu. "Mimi husimama dirishani nikifundisha, kwa sababu ya mwanga. Namwita. Yeye badala ya kugeuka kwangu, anageukia ukutani. Namwita tena, anautazama ule ukuta. Ukuta hauna kitu, nimeukagua."

"Haya. Mama?"

Mama Nakijwa aliona haya kuleta mambo ya nyumbani mbele ya walimu. "Sijui kama hili ni la kusema. Huyu mtoto ana usingizi wa ajabu. Siku nyingine namwita asubuhi hata majirani wanaamka, yeye kimya, mpaka nimtikise. Siku nyingine paka akipita tu, huyo amekwisha kaa kitandani. Nilidhani ni makusudi, kwamba siku za kuchota maji hataki kuamka."

"Semboja?"

"Nikimweka katikati ya kwaya anapoteza sauti, anawaburura na wenzake. Nikimweka mwisho wa mstari, wenzake wote wakiwa kushotoni kwake, hakuna wa kumfikia. Nikadhani ana maringo, anapenda kuonekana."

"Mrutu?"

Mwalimu Mrutu alikuwa anafikiria imla zake. Alikuwa amesahihisha imla za mtoto yule kwa hasira muda wote huo, na hasira haimwachi mtu asome. "Mimi nikitoa imla natembea," akasema polepole. "Naanza sentensi mlangoni, upande wa ule ukuta, naimalizia upande wa dirisha. Maneno ya mwanzo anaandika sawasawa. Ya mwisho anaandika vitu visivyokuwapo." Kisha akamgeukia mama. "Mama Nakijwa, siku zile asipoamka, huwa amelalia ubavu upi?"

"Jamani mwalimu, nitajuaje ubavu?"

"Kitanda chake kiko wapi?"

"Kimeegemea ukuta." Mama akafikiri, akainua mkono mmoja, akaushusha, akainua mwingine, akijaribu kumwona mtoto anavyolala. "Siku ambazo haamki, uso unakuwa umeelekea ukutani. Kwa hiyo amelalia... amelalia huu wa kushoto."

"Na akiamka kwa paka?"

"Uso uko kwangu. Amelalia wa kulia."

Mzee Mchome aliyekuwa ameshika kofia yake akaiweka tena mezani.

Wakamwita Nakijwa ndani. Akaingia, akamwamkia kila mmoja kwa zamu. Mwalimu Mrutu akamsimamisha auelekee mlango, akaliziba sikio lake la kushoto kwa kiganja, akalibana sawasawa. Akamwashiria Kangero, aliyekuwa nyuma yao.

"Saba mara nane," akasema Kangero kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo.

Mtoto alikuwa anatazama mlango, akingoja kuambiwa alichoitiwa.

"Saba mara nane," Kangero akarudia, kwa nguvu zaidi. Mtoto kimya. Mrutu akaondoa mkono, akaliziba la kulia.

"Saba mara nane."

"Hamsini na sita, mwalimu," akasema Nakijwa papo hapo.

Mama yake akajishika mdomo. "Lilitoa usaha," akasema. "Hilo la kulia. Alikuwa bado ananyonya. Tukatia maji ya majani, likakauka, nikasema amepona. Mimi mwenyewe nilisema amepona." Akaanza kulia, na hakuna aliyemzuia.

Kangero akasogea mbele ya mtoto. "Kwa nini hukutuambia?"

"Nini, mwalimu?"

"Kwamba sikio moja halifanyi kazi."

Nakijwa aliwatazama wote, akidhani amekosea tena. "Sikujua, mwalimu. Nilidhani watu wote wanasikia hivi. Nikadhani wenzangu wananishinda kwa kukisia."

Mwalimu Mrutu aliposikia hivyo aliona aibu. Mtoto huyu alikuwa amekisia shule nzima, kutoka darasa la kwanza, na kufika alipofika kwa kukisia tu. Yeye, mwenye kujisifia subira, alikuwa ameandika chini ya imla hizo: "Acha uvivu." Kwake Kangero ilikuwa nzito zaidi. Akasema, "Mimi ndiye niliyemrudisha ukutani. Sikio zima nimelilaza ukutani, lile bovu nikaligeuzia darasa." Hakuwa akimwambia mtu.

Jumatatu Nakijwa akahamishwa kutoka ukuta mmoja hadi upande wa pili, penye dirisha, darasa lote likawa kushotoni kwake. Baada ya muda alipelekwa hospitali ya bomani. Daktari alilichungulia sikio akasema hilo lilikwisha kitambo, walichunge lililobaki.

Mngependa niseme kwamba tangu hapo akawa wa kwanza. Hakuwa. Sikio waligundua siku moja, lakini yaliyompita miaka mitatu yasingerudi siku moja. Ndipo walipokubaliana kwamba kila Ijumaa, saa ya chai, watakaa wote, na mama atapanda siku akiweza. Mrutu atashughulikia kusoma, Kangero atabaki na kuzidisha na kugawanya, Semboja atamwingiza Kiingereza kupitia nyimbo, kwa hiyo kwaya ikarudishwa. Nyumbani atamsomea mama yake kwa sauti wakati ugali unapikwa, na mama akae kushotoni kwake. Mwenzake wa dawati aliambiwa amguse bega akiitwa. Hakuondolewa darasani hata siku moja, wala hakupewa darasa lake peke yake. Sheria ya Mzee Mchome ikabaki vile vile: useme ulichokiona, na lile neno lisitajwe.

Wakati mmoja kidogo litajwe. Nakijwa alikuwa amepewa hesabu za kugawanya akakosa zote, na Mwalimu Kangero, aliyekuwa amemfundisha kwa moyo wake wote, akaingia kwenye chai ya Ijumaa amekunja uso. "Jamani, huyu mtoto ha..." Mzee Mchome akatazama mlango. Kangero akameza neno, akameza na chai. "Haya. Nilichokiona ni kwamba kuzidisha anajua, kutoa anajua. Akigawanya anaanzia kulia."

"Kulia?" akauliza Mrutu.

"Kama anavyojumlisha. Kila hesabu nyingine huanzia kulia, ila hii huanzia kushoto. Siku ilipofundishwa alikuwa..." Wote walijua alikuwa wapi siku hiyo. Alikuwa ukutani.

Jumatatu Kangero alimfundisha jambo hilo moja tu, aanzie wapi, na kufikia wiki iliyofuata Nakijwa alikuwa anagawanya. Mwalimu Mrutu aliliweka moyoni. Aliona kwamba kama Kangero angelimaliza neno lake, chai ingelinyweka, wangelitikisa vichwa na kuondoka, na mtoto angelibaki na hesabu zake za kuanzia kulia mpaka leo.

Shule zikafungwa. Shangazi Nanzia akapanda kutoka Moshi, mkoba mkononi na viatu vya mjini vilivyomtesa kwenye kilima. Siku hiyo Mwalimu Mrutu alikuwa kwa mama Nakijwa kumsikiliza mtoto akisoma. Shangazi alisalimia, akapewa kiti na maji, kisha hakuzungusha maneno.

"Wifi, nimekuja kumchukua msichana. Mambo ya shule tusidanganyane. Mtoto hasikii."

"Nani amesema?" akauliza mama.

"Walimu wake. Mimi si mtu wa kusingizia. Nilipokuja mara ya mwisho, tulikutana kanisani na yule wa hesabu, mwenyewe akaniambia, kwa mdomo wake. Mtoto hasikii, shule itampotezea muda. Je, mwalimu wa hesabu anaweza kusema uongo?"

Mwalimu Mrutu alianza kueleza, lakini shangazi akamkatiza kwa heshima. "Wewe bado mdogo, mwalimu, na una huruma. Nilimsikia mtu mzima." Nakijwa alikuwa amefunga kitabu. Alikuwa amesimama upande ambao maneno yote yalimfikia.

Mama akasema, "Basi aitwe huyo aliyesema."

Mwalimu Kangero akaitwa, naye akaja. Mwalimu Mrutu alimwona akiingia uani, akaogopa. Alijua mtu wa umri ule hakubali kirahisi kwamba alikosea mbele ya wanawake watatu na mtoto. Alijua pia kwamba Kangero akisema "nilisema, lakini..." halafu akaanza kujitetea, Nakijwa ataondoka siku hiyo hiyo na mkoba wa shangazi.

Wakaamkiana. Shangazi akauliza, "Mwalimu, si wewe uliyeniambia mtoto huyu hasikii?"

"Ni mimi," akasema Kangero.

"Mnaona?"

"Nilisema, shangazi, na nilisema peke yangu. Hapo ndipo penye kosa. Hasikii si neno la kinywa kimoja."

Shangazi akamkazia macho. "Ni la vinywa vingapi basi?"

"La wote wanaomlea, wakae pamoja, kila mmoja aseme alichokiona. Sisi tulikaa. Mama yake alikuwapo. Na tulipomaliza kusema, hakubaki mtu wa kulisema." Kisha akamgeukia mtoto, akazunguka hadi kushotoni kwake kabla ya kufungua mdomo. "Nakijwa, mia moja arobaini na nne gawanya kwa sita."

Mtoto akaandika chini, mavumbini, kwa kidole. Alianzia kushoto. "Ishirini na nne, mwalimu."

Shangazi Nanzia alizitazama zile tarakimu. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la pili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Akaomba maji mengine, akayanywa yote, akasema watoto wake atawatafutia msichana kwingine.

Aliteremka na mkoba wake peke yake. Shule zilipofunguliwa Nakijwa akafanya mtihani wa darasa la nne pamoja na wenzake, akaingia la tano pamoja na wenzake, akiwa katikati, si juu wala si chini. Na lile neno la Mwalimu Kangero halikubaki uani pale. Mama alilipeleka sokoni, Semboja akalipeleka kanisani, na shangazi, msishangae, akalishusha mpaka Moshi. Tangu hapo huku kwetu, mtu akimtazama mtoto peke yake na kumkatia hukumu, awe mwalimu, awe baba, awe kaka mwenye haraka zake, huambiwa asimame kwanza akawaite wenzake. Hasikii si neno la kinywa kimoja.